Ndege hii ina rubani, tusimfiche

Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani. Hawakutuambia jina baya hufanya nini mchana kweupe, lakini mimi nadhani nimejionea kwa macho yangu, tena katika uwanja wa shule.

Nilikuwa mgeni katika sherehe ya kuwatuza wanafunzi wa shule moja ya upili. Wazazi walikuwa wamejaa mahemani, wanafunzi wameketi kwa safu uwanjani, na juu ya vichwa vyetu kilikuwa kikizunguka kidude chenye mikono minne na rafadha nne, kikivuma kama bumba la nyuki huku kikipiga picha. Mgeni wa heshima alipoinuka ili ahutubie umati, kidude hicho kilishuka kumpiga picha kwa karibu. Kikagusa kamba ya hema, kikapinduka, kikaanguka baina ya safu mbili za wanafunzi wa kidato cha pili. Msichana mmoja alikatwa mkononi na rafadha iliyokuwa bado ikizunguka. Jeraha halikuwa kubwa. Hata hivyo, lau kidude kile kingeangukia shubiri mbili upande wa kushoto, kingempata jichoni.

Mama mmoja aliyekuwa nyuma yangu aliuliza kwa sauti kali: "Nani alikuwa akikiendesha?" Mwalimu aliyeshika kipaza sauti, kwa nia njema ya kuwatuliza watu, akajibu: "Tulieni, wazazi wetu. Hii ni ndege isiyo na rubani." La ajabu ni kwamba watu walitulia. Walitulia kama watu walioambiwa kuwa ni mvua iliyonyesha au tawi lililoanguka. Kwa mujibu wa jibu lile palikuwa na tendo, palikuwa na mtendwa, ila hapakuwa na mtenda.

Ilhali mtenda alikuwapo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, ameketi chini ya mwembe, rimoti mikononi, uso umemparama kwa hofu. Kila mmoja wetu alikuwa amepita karibu naye asubuhi ile, lakini jina tulilokipa chombo chake lilikuwa limemfuta machoni petu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza iwapo tatizo letu na vyombo hivi vipya ni la sheria peke yake, au pia ni la lugha. Nimefikia rai kwamba mambo haya mawili hayatenganiki. Sheria ambayo haijulikani kwa lugha ya wanaotakiwa kuitii haiwezi kumlinda mtoto aliyeketi uwanjani, na jina linalomficha mwenye dhima huidhoofisha hata sheria iliyo nzuri.

Tuanze na jina. Neno rubani limekuwamo katika Kiswahili kabla ya ndege yoyote kuruka angani. Mabaharia wa pwani yetu walimtofautisha nahodha, ambaye ni mkuu wa chombo, na rubani, ambaye ni mjuzi wa njia. Rubani ndiye aliyekiongoza chombo kikipita penye miamba na mafungu hadi kikatia nanga salama. Zilipokuja ndege, neno hilo lilipandishwa kutoka majini hadi angani, na maana yake ya msingi haikupotea: rubani ni yule aijuaye njia na ambaye lawama humwangukia chombo kikipanda mwamba. Kwa hivyo, tunaposema kwamba ndege fulani haina rubani, hatusemi tu kwamba kiti chake ni kitupu. Tunasema kwamba hakuna aijuaye njia wala wa kuulizwa.

Waingereza, kwa upande wao, walichagua jina la mdudu. Mnamo 1935 walikuwa na ndege ndogo iliyoongozwa kwa redio, ambayo wanajeshi waliitumia kama shabaha ya kujifunzia kulenga. Waliiita Queen Bee, yaani malkia wa nyuki. Yasemekana kwamba Wamarekani walipounda za kwao, waliendeleza mzaha huo kwa kuziita kwa jina la nyuki dume, yule asiyetengeneza asali wala hana mwiba. Jina hilo ndilo tulilolitohoa sisi tukapata droni. Majirani zetu wa Tanzania hupenda pia kusema ndege nyuki, na mimi sioni kasoro katika majina hayo mawili. Hayaelezi mengi, lakini pia hayasemi uongo.

Jina lenye kasoro ni hili la ndege isiyo na rubani. Lugha ya wataalamu wa usafiri wa anga hutofautisha baina ya chombo kisicho na mtu ndani yake na chombo kisichoongozwa na mtu. Mnamo 2015 Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, lilipotoa mwongozo wake kuhusu vyombo hivi, liliviita ndege zinazoongozwa na rubani aliye mbali. Kanuni za kwanza za Kenya, zilizotolewa 2017, zilifuata msamiati huo huo. Zile za 2020 zilirudi kwenye neno lenye maana ya kutokuwa na mtu ndani. Katika matoleo yote mawili, hata hivyo, rubani yupo ukurasa baada ya ukurasa: anapewa leseni, anapewa masharti na anabebeshwa dhima. Ni sisi wasemaji wa Kiswahili, walimu na waandishi wa habari tukiwa mstari wa mbele, ambao katika kutafsiri kwa haraka tulimtupa nje.

Je, hizo kanuni zinasema nini? Historia yake si ndefu, lakini ina mabonde na milima. Kwa muda mrefu serikali iliviangalia vyombo hivi kwa jicho la usalama, na aliyetaka kurusha alitakiwa kuomba ruhusa kwa wakuu wa usafiri wa ndege na wa ulinzi. Kanuni za 2017 zilipotolewa, wengi walidhani mlango umefunguliwa. Haukupita muda kabla ya Bunge kuzifuta, mnamo 2018. Hatimaye, mwezi Machi 2020, zilichapishwa kanuni nyingine, na Halmashauri ya Usafiri wa Ndege Nchini, KCAA, ikapewa jukumu la kuzitekeleza. Wakati huo nchi ilikuwa imeshikwa na taharuki ya ugonjwa wa korona, na si ajabu kwamba wananchi wengi hawakupata habari.

Kanuni hizo ziligawa urushaji wa droni katika makundi matatu kwa kutegemea uzito wa hatari yake. Zilitaka kila droni isajiliwe, na mmiliki awe na umri usiopungua miaka 18. Zilitaka kibali kabla ya kuiingiza droni nchini, jambo ambalo limewashangaza wageni wengi walionyang'anywa mizigo yao kwenye viwanja vya ndege. Anayefanya biashara alitakiwa awe na cheti cha uendeshaji na bima, na anayeshika rimoti kwa kazi hiyo awe na leseni. Kuhusu urushaji wenyewe, ziliweka mipaka minne ambayo kila mwanafunzi angeweza kuikariri: usipite kimo cha futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, usiirushe mahali usipoiona kwa macho yako, usiikaribishe chini ya mita 50 kwa watu, magari au majengo yasiyohusika na shughuli yako, na usiirushe karibu na uwanja wa ndege bila idhini, kiasi cha kilomita 10 kwa viwanja vikubwa na 7 kwa vidogo. Anayetaka kuvuka mipaka hiyo sharti aombe idhini kwanza.

Msomaji anaweza kuuliza: ya nini masharti yote haya kwa kitu kinachotoshea ndani ya mkoba? Tuyachambue moja baada ya jingine, maana sheria isiyoelezwa sababu yake huonekana kama ukorofi wa wakubwa.

Kimo cha futi 400 kiliwekwa ili pabaki nafasi baina ya droni na ndege zenye abiria, ambazo kwa kawaida, zikiwa hazitui wala haziruki, huwa juu zaidi ya hapo. Hata ndani ya kimo hicho hatari haikosekani. Walimu wa fizikia na wanafunzi wao wafanye hesabu: kitu kinachodondoka kutoka mita 120, ukiacha upinzani wa hewa, hufika chini kwa kasi ya takriban mita 48 kwa sekunde, ambayo ni zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Hewa hupunguza kasi hiyo, lakini kilo moja ya plastiki, nyaya na betri haihitaji kasi yote hiyo ili kupasua fuvu la mtu.

Sharti la kuiona droni kwa macho nalo lina hekima yake. Kamera ya droni kwa kawaida huona upande inakoelekezwa tu, mithili ya mtu anayechungulia kupitia tundu la ufunguo. Haiuoni waya wa umeme ulio ubavuni, wala mwewe anayeshuka kutoka juu, wala helikopta inayotokea nyuma ya kilima. Jicho la rubani aliye chini ndilo linaloweza kuona vyote hivyo kwa pamoja. Isitoshe, betri za droni nyingi za bei ya kawaida hudumu nusu saa au chini ya hapo, na aliyeipeleka mbali mno huenda asiwe na nguvu za kuirudisha.

Umbali kutoka viwanja vya ndege hauhitaji maelezo mengi kwa anayekumbuka yaliyotokea Uingereza mwezi Desemba 2018. Uwanja wa ndege wa Gatwick, karibu na London, ulifungwa siku chache kabla ya Krismasi baada ya watu kuripoti kwamba wameona droni. Safari zipatazo 1,000 ziliathiriwa, na abiria wapatao 140,000 wakakwama. Hapa kwetu, uwanja wa Wilson uko kilomita chache tu kutoka katikati ya jiji la Nairobi. Hata ukitumia kipimo kile kidogo cha kilomita 7, utakuta kwamba sehemu kubwa ya jiji imo ndani ya duara. Sidhani kama vijana wote wanaorusha droni juu ya harusi za Nairobi wamewahi kulichora duara hilo kwenye ramani.

Kuna pia suala la faragha. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inalinda data za kibinafsi za mtu. Nyumba zetu nyingi zimezungushiwa ua wa makuti, michongoma au mawe, na kwa karne nyingi ua huo ulitosha. Droni imeutangua. Bafu lisilo na paa, ambalo lilikuwa siri ya mwenyewe na Mungu wake, sasa lina dirisha angani. Kanuni za 2020 ziligusa jambo hili kwa kukataza kuwapeleleza watu bila ridhaa yao, lakini ni wananchi wangapi wajuao kwamba wana haki ya kuitaka ridhaa hiyo?

Nisieleweke vibaya. Sikusudii kuzitia ila droni zenyewe, kwani chombo hakina dhambi. Tangu 2016 vituo vya afya vya Rwanda vimekuwa vikipokea damu kwa droni kutoka kituo cha Muhanga, na mama anayevuja damu baada ya kujifungua mahali ambapo barabara imekatwa na mvua haoni kwamba jambo hilo ni mchezo. Mwaka huo huo Zanzibar ilianza mradi mkubwa wa kupiga picha za ramani za Unguja na Pemba kwa droni, na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar walishiriki kwa mikono yao wenyewe. Mkulima, mpimaji ardhi, mhandisi wa barabara, mlinzi wa wanyamapori na mpiga picha wa harusi wote wanaweza kupata riziki au faida kwa chombo hiki. Kwa sababu hiyo hasa, ninataka sheria yake ijulikane. Biashara isiyojua mipaka yake haidumu, na ajali moja kubwa itatosha kuwatia hofu watawala wakarudi kwenye marufuku.

Nirejee kwa yule kijana wa chini ya mwembe. Baada ya sherehe nilimwendea, nikamkuta akikusanya vipande vya droni yake na kuvitia katika mfuko. Nilimuuliza kama alikuwa na leseni. Alinitazama kwa muda, kisha akasema: "Daktari, nilijaribu kuzisoma hizo kanuni. Zimeandikwa kwa Kiingereza cha mawakili. Nilichoka kabla ya ukurasa wa tatu." Aliniambia pia kwamba mara mbili amewahi kukamatwa mjini na watu waliodai kuwa wanaijua sheria, na mara zote mbili mambo yalikwisha kwa kutoa kitu kidogo. Hakujua kosa lake lilikuwa lipi, na yamkini waliomkamata hawakujua pia.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Sheria inayosomeka na wachache huwa mali ya wachache. Mwenye kuijua nusu yake huiuza kwa asiyeijua kabisa. Kijana yule hakuwa mhalifu kwa tabia. Alikuwa amekopa pesa za kununua chombo, ana wateja, na alikuwa tayari kufuata njia lau angeonyeshwa. Nayo njia ilikuwapo, ila hapakuwa na rubani wa kumpitisha.

Kifungu cha 7 cha Katiba yetu kinasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili kimetajwa kwanza. Iweje basi kanuni zinazomgusa kijana wa kijijini zichapishwe kwa ile lugha ya pili pekee? Majirani zetu wa Tanzania, ambao sheria zao nyingi zilikuwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, walibadilisha mambo mnamo 2021 kwa kutunga sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Najua kwamba kutekeleza ni kugumu kuliko kutunga. Hata hivyo, safari huanza kwa hatua.

Wako watakaosema, kama walivyosema kila mara, kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kutosha kwa mambo ya kitaalamu kama haya. Hoja hii nimeisikia tangu nilipokuwa mwanafunzi, na kila kizazi huirithi bila kuichunguza. Hebu tuangalie. Anga ni letu. Kimo, upeo wa macho, dhima, faragha, ridhaa, kibali, idhini, fidia na bima, yote ni maneno ambayo mwanafunzi wa kidato cha tatu anayajua au anaweza kuelezwa kwa dakika moja. Leseni, betri na rada tumeyatohoa, nayo yametulia kama wenyeji. Kinachokosekana ni neno moja la kisheria la chombo chenyewe, na mimi napendekeza kwamba tuseme ndege ya rubani wa mbali katika maandishi rasmi, na droni katika mazungumzo ya kila siku. Tulikwisha kubishana kuhusu tarakilishi na kompyuta, rununu na simu ya mkononi, na lugha haikufa. Ilizidi kunenepa.

Kwa hivyo nina mapendekezo machache. Kwanza, KCAA itoe tafsiri rasmi ya kanuni za droni kwa Kiswahili, na kila zinapobadilishwa tafsiri ibadilishwe pamoja nazo. Pili, mambo ya msingi, ikiwemo ile mipaka minne niliyoitaja, yaandikwe kwa Kiswahili chepesi katika ukurasa mmoja, na kila muuzaji wa droni alazimike kumkabidhi mnunuzi ukurasa huo pamoja na risiti. Tatu, anayetaka leseni aruhusiwe kufanya mtihani wake wa sheria kwa Kiswahili. Huenda ikabidi azungumze Kiingereza na waongozaji wa ndege akifika kwenye anga zenye shughuli nyingi, lakini mpiga picha wa harusi kijijini hahitaji Kiingereza ili ajue kwamba asiipitishe droni juu ya vichwa vya watoto.

Nne, na hili nawaelekezea walimu wenzangu, tusingoje serikali. Mtaala wa umilisi unatutaka tumfunze mwanafunzi mambo atakayoyatumia maishani. Chukueni kifungu kimoja cha kanuni hizi, mkitafsiri pamoja na wanafunzi wenu, kisha wajadiliane ni neno gani linafaa na kwa nini. Hapo mtakuwa mmefundisha tafsiri, sarufi, uraia na sayansi katika somo moja. Wape insha ya maelekezo: jinsi ya kurusha droni kwa usalama. Wachoree duara la kilomita 7 kuzunguka kiwanja cha ndege kilicho karibu nanyi. Na shule inapomwalika mpiga picha mwenye droni, mwalimu amuulize leseni yake kabla ya kumwonyesha mahali pa kukaa. Swali hilo si la ujeuri. Ni lile lile tunalomuuliza dereva kabla ya kumkabidhi basi la wanafunzi.

Niliambiwa baadaye kwamba jeraha la yule msichana lilipona likaacha kovu dogo mkononi. Kijana naye alirudi shuleni siku ya pili na mzazi wake kuomba radhi, ingawa hakuna aliyemwita, wala hakuna sheria aliyoisoma iliyomwamuru kufanya hivyo. Alijua mwenyewe kwamba ile ndege ilikuwa na rubani.